Ruzuku ya Serikali: Inamfikia Nani?

Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Trans Nzoia

Leo tumeombwa tuzungumze juu ya ruzuku, yaani ule msaada wa serikali kwa mkulima na mfugaji. Tumeombwa kwa sababu kila kikundi tunachotembelea tunakuta ubishi uleule. Mmoja anasema, "Serikali imetusaidia sana." Jirani yake anajibu, "Imesaidia nani? Mimi sijaona kitu." Na wote wawili wanasema kweli. Hebu tutazame pamoja inakuwaje.

Kwanza tuelewane juu ya neno lenyewe. Watu wengi wakisikia ruzuku wanafikiri ni pesa ya kuwekewa mkononi. Hapa kwetu Kenya, mara nyingi si hivyo. Serikali hailipi mkulima, inalipa sehemu ya bei ya kitu anachonunua. Mnakumbuka Septemba 2022, serikali mpya ilipoingia ilitangaza mifuko milioni 1.4 ya mbolea kwa ajili ya mvua za vuli. Mfuko wa kilo 50 uliokuwa ukiuzwa karibu shilingi 6,500 ukashushwa hadi 3,500. Mwaka uliofuata, 2023, ukashushwa tena hadi 2,500. Basi huo ndio msaada: ile tofauti ya bei. Lakini ile shilingi 2,500 nani ataitoa? Ni wewe. Usipokuwa nayo siku hiyo, hata ile sehemu ya serikali huipati. Haikungojei mahali. Inakwenda kwa mwenzako mwenye pesa mfukoni.

Tuseme wazi jambo hili, maana ndipo ugomvi wote unapoanzia. Ruzuku ya namna hii inamfuata mwenye pesa.

Haikuwa hivi siku zote. Wale wenye umri kama wetu wanakumbuka mpango ulioanza mwaka 2007, ule wa Kilimo Plus. Mkulima mdogo asiyejiweza alipewa vocha ya ekari moja: mbegu ya mahindi kilo 10, mfuko mmoja wa mbolea ya kupandia na mfuko mmoja wa kukuzia. Alikwenda na vocha yake kwa mwenye duka la pembejeo, akachukua, mwenye duka akalipwa na serikali. Mkulima hakutoa pesa. Ilikuwa mara moja tu kwa kila mtu, ya kumwanzisha, na majina yalichaguliwa huko huko vijijini, kwa hiyo maneno hayakukosekana. Lakini yule mama wa ekari moja alifikiwa. Mpango huo ulikwisha, na huu tulio nao sasa ni wa namna nyingine.

Sasa tufanye hesabu kidogo, msiogope. Tuchukue bei zile za 2022, ambapo serikali ilibeba karibu shilingi 3,000 kwa kila mfuko. Mwenye ekari moja akinunua mifuko miwili, mmoja wa kupandia na mmoja wa kukuzia, serikali imemsaidia shilingi 6,000. Mwenye ekari 50 akinunua mifuko 100, serikali imemsaidia shilingi 300,000. Hatusemi huyo wa ekari 50 ni mwizi. Amelima, amelipa sehemu yake, na mahindi yake yanalisha miji. Hata hivyo sisi tunaona ekari mbili za kwanza za kila mtu zingesaidiwa kwa uzito zaidi kuliko ekari ya arobaini na tisa. Hilo ni la kuwaambia wabunge wetu wakija, badala ya kuwaomba fulana.

Kuna anayeuliza kila mara, "Mbona tunasikia wazungu wanalipwa na serikali zao, tena pesa taslimu?" Ni kweli wanalipwa. Katika nchi za Umoja wa Ulaya mkulima hupokea malipo ya moja kwa moja, na kwa sehemu kubwa yanahesabiwa kwa hekta alizo nazo. Na huko nako tatizo ni lilelile: karibu asilimia 80 ya malipo hayo yamekuwa yakienda kwa asilimia 20 ya wanaolipwa, maana mwenye ardhi kubwa ndiye mwenye hekta nyingi. Marekani nao tangu 2019 wana mpango wa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Mfugaji hujiandikisha na kulipa ada, kisha bei ya maziwa ikisogea karibu mno na gharama ya malisho, serikali humlipa kufidia upungufu. Huo tunausimulia kwa sababu akina mama wa maziwa watauelewa mara moja. Si bei ya maziwa peke yake inayomuua mfugaji, ni bei ya maziwa ikilinganishwa na bei ya deirimili. Hapa kwetu hatuna mpango kama huo. Turudi nyumbani.

Nyumbani basi, mfuko unamfikia vipi mtu? Mwaka 2023 machifu, manaibu wao na wazee wa vijiji walisaidia kazi ya kuandikisha wakulima nchi nzima. Mliulizwa kitambulisho, namba ya simu, shamba liko wapi, ni ekari ngapi, mnapanda nini. Majina yakaingizwa kwenye kompyuta. Msimu ukikaribia, ujumbe unakuja kwa simu ukiwa na namba ya kuchukulia mbolea na idadi ya mifuko. Unalipa kwa simu, unakwenda ghala la Bodi ya Nafaka au kituo kilichotajwa, unachukua. Sehemu nyingine vituo vimesogezwa kwenye vyama vya ushirika, na hilo limesaidia.

Yaani kila kitu kinategemea simu na jina. Na hapa ndipo tumekuta mambo ya kusikitisha.

Jambo la kwanza ni jina la nani limeandikwa. Anayelima ni mama. Anayepalilia ni mama. Lakini siku ya kuandikisha, baba ndiye aliyekuwa barazani, akaandika kitambulisho chake na laini yake. Yeye anafanya kazi Nairobi au Nakuru. Ujumbe unaingia kwenye simu yake akiwa kazini, anausoma, anausahau. Mama yuko shambani anangoja mbolea na mvua imeanza. Au anausoma vizuri kabisa na kumwuzia mtu. Tumekutana na mama mmoja, mjane wa miaka minne, ambaye shamba bado limo kwa jina la marehemu na laini yake imefungwa. Kila msimu mifuko yake inatolewa kwa simu ambayo haipo. Miaka yote hiyo amekuwa akinunua mbolea kwa kipimo cha gorogoro dukani, ambayo ukipiga hesabu ya kilo ni ghali kuliko zote.

Akina mama, na wazee pia, tafadhali sikieni. Orodha ile ni ya mkulima, si hatimiliki. Kuandika jina lako hakukupi ardhi, na hakumnyang'anyi mtu ardhi. Tunarudia kwa sababu tumeona wakwe wakikataa mjane asiandikwe wakidhani anachukua shamba. Chukua kitambulisho chako na laini iliyo kwa jina lako, nenda kwa naibu wa chifu, kisha umwone afisa wa kilimo wa wadi, useme: nalima hapa, ekari hizi, nataka jina lirekebishwe. Nenda sasa, mahindi yakiwa shambani. Ukingoja Februari utakuta foleni na kila mtu ana haraka.

Na ekari uandike zile ulizo nazo. Najua, najua, watu wanacheka. Kuna mwenye ekari mbili aliyeandika kumi ili apate mifuko mingi. Anafikiri ameibia serikali. Ghala halina mbolea ya uongo ya kulingana na ekari za uongo! Mifuko inayoletwa ina hesabu yake, na akichukua ya ziada akauze, anayerudi mikono mitupu ni jirani yake aliyeandika ukweli.

Jambo la pili ni pesa yenyewe, na hapa tukae kidogo.

Mama wa ekari moja anahitaji mifuko miwili. Hiyo ni shilingi 5,000 kwa bei ya 2,500, kabla ya nauli ya boda boda au mkokoteni. Ujumbe unakuja lini? Mara nyingi Februari au Machi. Na Februari ndiyo nini? Januari imepita na karo. Mahindi aliuza Novemba na Desemba bei ikiwa chini, maana kila mtu alikuwa anauza. Sasa debe mbili zilizobaki ni za chakula. Anautazama ule ujumbe kwenye simu kama mtu anayetazama mkate kupitia dirisha.

Ndipo anakuja mfanyabiashara. Ana gari, ana pesa. Anasema, "Mama, nipe hiyo namba, nitakulipa mia tano." Mama anapata mia tano ambayo hakuwa nayo asubuhi. Mfanyabiashara anachukua mifuko miwili kwa bei ya serikali na kuiuza kwa bei ya dukani, pengine kwa mama yuleyule, kwa kipimo cha gorogoro. Tumekaa na akina mama waliofanya hivyo na hatukuwakemea. Mtoto aliyefukuzwa shule saa nne asubuhi hangoji mavuno. Lakini tuhesabu alichouza. Ekari iliyopandwa kwa mbolea na mbegu nzuri huku kwetu inaweza kutoa magunia 18 au 20, na ekari iliyopandwa bila mbolea, kwenye udongo uliochoka, hutoa saba, nane, au pungufu. Aliuza magunia kumi kwa shilingi mia tano.

Kikundi kinaweza kufanya nini? Hapa ndipo tunataka kuwaambia kile ambacho tumeona kikifanya kazi katika vikundi viwili vitatu vya eneo hili, na ng'ombe ndiye anayekibeba.

Wanachama walikubaliana kwamba tangu Novemba mosi hadi mwisho wa Februari, kila mwenye ng'ombe anaweka kando lita moja kwa siku. Lita moja tu. Siku hizo ni 120. Lita ikiwa shilingi 45, hiyo ni shilingi 5,400. Mifuko miwili ni 5,000, na 400 iliyobaki ni ya usafiri. Ng'ombe amelipia mahindi. Januari na Februari majani yanakauka na maziwa yanapungua, ni kweli, lakini bei nayo mara nyingi hupanda kidogo, na aliyeanza Novemba tayari ana nusu. Asiye na ng'ombe aliweka mayai, au kibarua cha siku moja kwa wiki, akafikia kiasi hichohicho. Hakuna aliyepewa bure.

Pesa hiyo waliiandika katika daftari lake, mbali na ule mchango wa mzunguko na mbali na pesa za mazishi. Na hapa tuwe wakali kidogo. Pesa ya mbolea haikopeshwi Desemba. Mnajua Krismasi inavyokuja, mtu anakuja kwa mweka hazina na hadithi ndefu, "Nitarudisha Januari tarehe tano." Kikundi kimoja kilikopesha, na Machi kikawa na daftari zuri lenye majina na hakikuwa na pesa. Tangu hapo wanaweka kwenye sako, na wenye kutia sahihi ni watatu, mmoja wao ni yule mama ambaye hacheki na mtu. Kila kikundi kina mama kama huyo. Mpeni kazi.

Ujumbe unapoingia, kila mmoja analipa kwa namba yake mwenyewe na kwa simu yake mwenyewe, lakini wanakodi gari moja. Watu ishirini wenye mifuko arobaini wanachanga gari kwa bei ambayo mtu mmoja hawezi. Wazee wawili wanakwenda na gari, wengine wanabaki nyumbani wakiendelea na kazi. Kabla ya kwenda, wanapiga simu au wanatuma kijana wa boda kuuliza kama mbolea ipo kweli. Msicheke, tumeona lori la kikundi likilala nje ya ghala siku mbili, na gharama ya kungoja ikala faida yote.

Jambo la tatu ni ubora, maana ya 2024 hatujayasahau. Machi na Aprili mwaka huo iligunduliwa kwamba kuna mifuko iliyouzwa chini ya mpango wa serikali ambayo haikuwa mbolea ya kiwango kilichotakiwa. Mambo yalifika Bungeni, waziri wa kilimo akaletewa hoja ya kumwondoa, ingawa kamati haikumtia hatiani. Serikali iliahidi kuwafidia wakulima walioathirika kwa kuwapa mifuko mingine. Sasa wewe ukidai fidia, utaonyesha nini? Risiti. Ujumbe wa simu. Mfuko wenyewe wenye maandishi yake. Kwa hiyo msifute ujumbe, na mfuko mtupu msiufanye gunia la mkaa kabla ya mavuno. Vikundi vingine vinatia mbolea kidogo ya kila mzigo kwenye mkebe wenye kifuniko, vinaandika tarehe na ghala, vinahifadhi kwa mwenyekiti. Ni kazi ya dakika tano. Na mfuko upimwe kwa mizani ya maziwa mkifika nyumbani. Kilo 50 ni kilo 50.

Neno moja juu ya udongo, halafu tuje kwa ng'ombe. Mbolea ya bei nafuu si lazima iwe mbolea ya shamba lako. Wengi wetu tumepanda kwa DAP mwaka baada ya mwaka, na udongo umekuwa mchungu, yaani umejaa asidi. Ukifika hapo unaongeza mbolea na mahindi hayasikii. Kikundi kinaweza kupeleka udongo ukapimwe, na pengine mkaambiwa mweke chokaa ya shamba kwanza. Samadi ya zizi pia ina kazi yake ambayo mfuko hauwezi kufanya. Mwulizeni afisa wa kilimo, ndiyo kazi yake.

Sasa ng'ombe. Mmeona kwamba tangu tuanze tumezungumza mbolea, mbolea, mbolea. Ni kwa sababu pesa kubwa ya ruzuku inayoonekana imekuwa kwenye mbolea. Akina mama wa maziwa wanauliza, "Na sisi?"

Wazee hapa wanakumbuka. Zamani serikali ilimsaidia mfugaji moja kwa moja, tena sana. Mpango wa taifa wa kupandisha ng'ombe kwa sindano ulianza mwaka 1966. Asubuhi gari la serikali lilipita barabarani, na mwenye ng'ombe aliye tayari alimfunga kwenye kibanio kando ya njia, mtaalamu akashuka, akafanya kazi, akaendelea. Mfugaji alilipa kidogo tu. Majosho ya kuogeshea yalikuwa chini ya serikali. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mambo yakageuka. Serikali ikajiondoa pole pole, upandishaji ukaachiwa watu binafsi na vyama vya ushirika, majosho yakaachiwa wananchi, na mengi mnayaona yamekuwa mashimo ya kutupia takataka. Mwaka 1992 biashara ya maziwa nayo ikafunguliwa. Chama kile kikubwa cha maziwa, KCC, kilichoanzishwa mwaka 1925, kikadhoofika hadi kikaanguka, wakulima wakaachwa na madeni ambayo wengine wamekufa bila kuyaona yakilipwa. Mwaka 2003 serikali ilikichukua na kukifufua, ndiyo New KCC ya leo.

Leo sindano moja ya kupandisha unalipa kuanzia elfu moja na kuendelea, na ikikosa, unalipa tena. Ndiyo sababu ng'ombe wengi wanapelekwa kwa fahali wa jirani, na ndama anayezaliwa anakuwa bahati nasibu.

Serikali kuu imefanya mambo fulani. Imegawa mitambo ya kupoza maziwa kwa vyama vya ushirika. Mwaka 2024 ilitangaza kwamba New KCC itanunua maziwa kwa bei isiyopungua shilingi 50 kwa lita. Lakini tangazo la bei halimfikii mama anayemwuzia mchuuzi wa baiskeli langoni. Linamfikia anayepeleka kiwandani kupitia chama chenye hesabu safi. Tena tunaona jambo lilelile: msaada unapitia mlango fulani, na aliye nje ya mlango anausikia redioni tu.

Mlango wa ng'ombe uko wapi? Watu wengi wanakwenda kwa chifu kuuliza sindano na josho. Chifu ni wa serikali kuu, hana bajeti ya josho. Tangu Katiba ya 2010, kazi za ufugaji na kuzuia magonjwa ya mifugo ni za kaunti. Kaunti ikitaka inaweza kutia pesa katika upandishaji ili mfugaji alipe nusu, inaweza kufufua majosho, inaweza kuwaajiri madaktari wa mifugo wa wadi. Kaunti nyingine zimefanya. Isipotaka, hamtaona kitu, na hakuna sheria mliyovunjiwa.

Kaunti inaanza kutaka vipi? Inaandika mpango wa maendeleo wa mwaka, ambao kwa sheria ya fedha ya 2012 unatakiwa ufike katika bunge la kaunti kabla ya Septemba mosi kupita. Makadirio ya pesa yanafuata kabla ya mwisho wa Aprili. Katikati ya hapo wananchi wanaitwa kutoa maoni. Mnaijua mikutano hiyo. Inatangazwa kwa karatasi iliyobandikwa kwenye mlango wa ofisi ya wadi, inafanyika siku ya soko, na wanaofika ni vijana wa wanasiasa na wazee wachache. Wanasema barabara. Kila mwaka barabara. Hatukatai barabara, maziwa nayo yanapita barabarani. Lakini mtu asiposema josho, hakuna atakayeandika josho.

Tunawaomba kila kikundi kichague watu wawili, mwanaume na mwanamke, kazi yao iwe kwenda pale. Wasiende na malalamiko, waende na karatasi. Karatasi iseme: sisi ni wanachama 32, tuna ng'ombe 41, mwaka jana tulilipia sindano mara ngapi, ngapi zilishika, ndama wangapi walikufa kwa ndigana, josho letu liko mahali fulani na limeharibika hivi. Hesabu hizo mnazo, ni kuziandika tu. Afisa wa kaunti akipata karatasi yenye hesabu ana kitu cha kuweka mezani. Wapeni nakala mjumbe wa wadi na afisa wa mifugo, na nakala moja ibaki kwenu ikiwa na muhuri wa kupokelewa. Muhuri ni muhimu. Mwaka ujao mtarudi nao.

Maswali yaliyoulizwa yalikuwa mengi. Tutaje mawili.

Kijana mmoja kutoka upande wa Kiminini aliuliza: anayekodi shamba anaweza kuandikwa? Tulimjibu kwamba aandikishe ekari anazolima na aeleze ni za kukodi. Mwenye shamba naye asiziandike hizohizo. Wakubaliane kwa maneno mbele ya mzee wa kijiji kabla ya msimu, maana wakiandika wote wawili, jina la mmoja litaleta shida na pengine la wote.

Mama mmoja aliuliza akiwa amesimama nyuma: mume wake yu hai, ameandikwa kwa ekari zote tatu, na mbolea haifiki nyumbani. Afanye nini? Tulimwambia asikimbilie kuandika ekari zilezile mara ya pili. Wazungumze wao wawili, waone ni ekari zipi mama analima kwa mikono yake, na hizo zihamie kwa jina na simu yake, mbele ya naibu wa chifu. Kama mzee hataki kubadilisha jina, basi angalau abadilishe namba ya simu, ujumbe uingie nyumbani. Hapo akina mama walipiga makofi. Na kama hataki hata hilo, viongozi wa kikundi wamwendee wazee wawili wanaoheshimiwa naye, na sisi tuiteni tuje. Mwaka huu tumekaa na wazee watatu wa namna hiyo. Wawili walibadilisha namba.